Niliambiwa Nina Kilo 52, Nikarudishwa Nyumbani

Haya wasee, leo hakuna video. Leo ni kusoma, na ni ndefu kidogo, kwa hivyo tafuta kivuli ukae.

Nikiwa na miaka 17 nilikuwa winga wa kushoto, na pale mtaani Bulla Iftin ulikuwa ukiuliza nani ana mbio unaonyeshwa mimi. Si kujisifu, uliza tu. Basi siku moja tukasikia kuna watu wanakuja Garissa kutafuta vijana wa kupeleka kwenye kambi. Sitawataja, hawakuwa watu wabaya, na wengi wao nina hakika wameshasahau. Tulifika uwanjani kabla ya alfajiri kuisha, vijana zaidi ya themanini, wengine wamelala kwa jamaa zao mjini baada ya kutoka Balambala na Masalani. Kuna mmoja alikuja na njumu za kakake zilizomzidi namba mbili, amezijaza soksi.

Kabla ya kugusa mpira tuliambiwa tupange foleni. Mbele ya foleni kulikuwa na ukuta umechorwa mistari kwa chaki, na mzani wa bafuni, ule wa sindano. Unasimama ukutani, unapimwa urefu. Unapanda mzani. Jamaa anapiga hesabu kwenye simu, anakuambia kulia au kushoto. Mimi nilikuwa sentimita 181, kilo 52. Akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Kijana, nenda ukakule, urudi mwaka kesho." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, ungefanya nini? Nikaenda kushoto. Upande wa kushoto ulikuwa unaelekea getini.

Sikugusa mpira siku hiyo. Sikukimbia hata mita moja.

Sasa mbona naandika haya leo, na mimi mpira niliacha, chuo pia nikaacha mwaka wa pili, na kazi yangu sasa ni kuwachekesha nyinyi kwa simu? Ni kwa sababu ya mtoto wa habaryar yangu. Ana miaka 16, anakaa kwetu, ni kiungo, na wallahi ananizidi nilivyokuwa. Miezi mitatu iliyopita nikaona uso wake umejaa. Mashavu yamekuwa ya mviringo ghafla, mikono bado ni ile ile ya vijiti. Hooyo akafurahi, akasema mtoto ameanza kupata afya. Mimi nikapekua begi lake la mazoezi. Ndani ya soksi nikakuta vidonge vya aina mbili, vimefungwa kwa karatasi ya gazeti, bila pakiti, bila jina, bila maelezo.

Nilimwita nje, nikamuuliza hii ni nini. Akaniambia, "Walaal, ni za kuongeza kilo. Majaribio ni baada ya Idi."

Nilivipeleka kwa mfamasia ninayemjua. Moja ilikuwa deksamethasoni, nyingine siproheptadini. Ya pili ni dawa ya mzio ambayo inakuletea njaa na usingizi. Ya kwanza ni steroidi ya kupunguza uvimbe, dawa nzuri sana ikiwa daktari amekupa kwa sababu yake na kwa siku zake. Ukiimeza hovyo kwa wiki nyingi, mwili unashika maji, uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inadhoofika, kinga inashuka, na tezi zako zinazotengeneza homoni ya aina hiyo zinalala. Ndiyo maana hata kuiacha ghafla ni hatari, lazima mtu wa afya akuelekeze unaishukaje. Misuli? Haijengi, inakula. Yaani mtoto alikuwa ananunua maji ya kubeba usoni ili mzani umwonee huruma. Na juu ya hayo yote, steroidi za kundi hilo zikimezwa zimepigwa marufuku kwenye mashindano na shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli. Angeitwa mdanganyifu akiwa na miaka 16, kwa kitu ambacho hata hakimsaidii kukimbia.

Hapo ndipo nilipokasirika na ule mzani wa bafuni upya, kana kwamba ni jana.

Tuanze na ile hesabu ya kwenye simu. Unachukua kilo zako, unagawanya kwa urefu wa mita mara urefu wa mita. Mimi nilipata karibu 15.9. Kipimo wanachokitumia wengi ni kwamba chini ya 18.5 wewe ni mwembamba kupita kiasi. Lakini hiyo 18.5 ni ya watu wazima! Shirika la Afya Duniani lina majedwali tofauti ya miaka 5 hadi 19, kwa sababu mwili wa kijana bado unajengwa. Nisiwadanganye, hata kwenye jedwali la umri wangu ningeonekana mwembamba. Ila mwembamba ni habari moja, na "hawezi kucheza" ni habari nyingine. Ya pili hakuna aliyeipima.

Halafu kuna hili la umbo, ambalo mimi nililigundua kwenye benchi ya chai. Nina rafiki ambaye baba yake ni mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Kakamega. Tukisimama tuko sawa kabisa, bega kwa bega. Tukikaa, ananizidi karibu nusu kichwa. Miaka yote nilidhani ninakaa vibaya. Kumbe urefu wangu mwingi uko miguuni, wake uko kiwiliwili. Na kiwiliwili ndicho kizito: kuna mapafu humo, ini, utumbo, kifua. Sentimita moja ya muundi haina kilo sawa na sentimita moja ya kifua. Kwa hivyo watu wawili wenye urefu sawa na afya sawa wanaweza kuachana kilo kadhaa, na hakuna mgonjwa hapo.

Hii si nadharia yangu ya kibarazani. Mwaka 2009 watafiti walichapisha kazi yao kuhusu watoto wa Ethiopia, wakalinganisha watoto wa jamii za wafugaji na wengine. Wakakuta watoto wa wafugaji wana miguu mirefu ukilinganisha na kiwiliwili, na kipimo cha uzito kwa urefu kilikuwa kinawahesabu wengi zaidi kuwa na utapiamlo kuliko kipimo cha mzunguko wa mkono. Najua, hao walikuwa watoto wadogo, hawakuwa viungo wa kati. Lakini kama wataalamu wa njaa wenyewe waliona mzani unaweza kupotoshwa na umbo la wafugaji, jamaa mwenye chaki na simu ana uhakika gani?

Sisemi kwamba huku hakuna njaa. Kati ya 2020 na mwanzo wa 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara, na kuna vijana kwenye ile foleni ambao usiku uliotangulia walikunywa chai tu. Huyo anahitaji chakula, na anahitaji mtu wa kuligundua hilo. Mzani ungeweza kuwa mwanzo wa kumsaidia. Badala yake ulikuwa mlango wa kutokea.

Sasa umri. Hapa nicheke kwanza. Chungulia vitambulisho vya watu wa kwetu uone ni wangapi tulizaliwa tarehe 1 Januari. Utadhani wajawazito wote wa Kaskazini Mashariki walikubaliana siku. Mtu amezaliwa malishoni, mama anakumbuka ni ule mwaka wa mafuriko, karani anaandika Januari 1, maisha yanaendelea. Na kupata hicho kitambulisho chenyewe, mnajua wenyewe ile kamati ya kuhoji wazee wako ni akina nani, mpaka Rais alipotangaza Wajir, Februari 2025, kwamba msasa huo umeondolewa. Kwa hivyo kwenye timu ya "chini ya miaka 17" una mtoto wa 14 na baba mtarajiwa wa 20 wamesimama kwenye mstari mmoja. FIFA yenyewe ilichoka na makaratasi, na tangu Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 la mwaka 2009 kule Nigeria wanapiga picha ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI kuangalia kama mfupa umeshafunga. Sisi huku mashine hiyo hatutaiona uwanjani leo wala kesho.

Lakini hata mkiwa na umri sawa kabisa, wa kweli, wa hospitali, miili haifiki pamoja. Mvulana wa kawaida anarefuka kwa kasi zaidi akiwa na miaka kama 14, anaweza kuongeza sentimita nane hadi kumi kwa mwaka. Mwingine jambo hilo linamfika akiwa na 12 na nusu, mwingine 15 na nusu. Na misuli inachelewa, inakuja miezi kadhaa baada ya urefu. Kwa hivyo kuna kipindi ambacho kijana anakuwa kama twiga aliyezaliwa leo: mrefu, mwepesi, miguu haimtii, magoti yanamuuma. Ukimpima mwezi huo unamwona hafai. Mpime miaka miwili baadaye.

Wenzetu wameliona. Vilabu vya Uingereza vimejaribu kuwapanga vijana kwa kiwango cha ukomavu badala ya mwaka wa kuzaliwa: wanakadiria mtoto atafika urefu gani akiwa mtu mzima, kwa kutumia umri wake, urefu, uzito na urefu wa wazazi wake wote wawili, kisha wanacheza pamoja wale waliofika, tuseme, asilimia 85 hadi 90 ya urefu huo. Yule mkubwa wa mapema anakutana na wakubwa wenzake na kulazimika kutumia akili. Mdogo anapata nafasi ya kuonyesha anachokijua bila kusukumwa kama mlango. Ubelgiji, nchi ndogo kuliko Kaunti ya Garissa kwa eneo, waliunda timu za taifa za pembeni kabisa kwa ajili ya vijana wanaochelewa kukomaa, ili wasipotee. Yaani shirikisho limekaa chini, likasema: huyu ni mdogo sasa, tumngoje.

Mnajua N'Golo Kanté ana sentimita kama 168, na alizungushwa na vilabu vya Ufaransa akiambiwa ni mfupi. Luka Modrić, Hajduk Split walimkataa akiwa mtoto kwa kuonekana dhaifu. Hizo mnazijua, kila kocha wa mtaani anazisimulia. Mimi napenda zaidi kumtaja Peter Crouch, kwa sababu huyo ni wa kwetu kabisa kwa umbo. Mita 2.01, mwembamba kama nguzo ya stima, mashabiki wa upinzani wakimwimbia dharau uwanja mzima. Mechi 42 za England, mabao 22. Angezaliwa Fafi, angeambiwa nenda ukakule urudi mwaka kesho.

Nilimwonyesha kocha mmoja wa hapa rasimu ya maneno haya. Alisoma mpaka mwisho, akaniambia, "Umeandika vizuri, lakini wewe hujasimama mbele ya beki wa kilo 80." Na ana haki. Mpira si marathoni. Tunajivunia sana kwamba marathoni ya Olimpiki ya Tokyo, nyuma ya Eliud Kipchoge, wa pili alikuwa Abdi Nageeye wa Uholanzi na wa tatu Bashir Abdi wa Ubelgiji, wote wazaliwa wa Somalia. Sawa. Lakini hakuna mtu aliyewapiga kumbo kilomita ya 30. Kwenye mpira utagongwa, utaruka na mtu hewani, utazuia kwa mgongo. Nguvu inahitajika, sikatai.

Ila nguvu si kilo. Kijana wa kilo 58 anayeweza kuchuchumaa kwa mguu mmoja akainuka bila kuyumba atasimama imara kuliko wa kilo 66 ambaye nane za juu ni maji ya deksamethasoni. Na nguvu hiyo inajengwa bila jimu. Kuna ratiba ya FIFA ya kupasha mwili inaitwa 11+, inachukua kama dakika 20: mbio za polepole, ubao wa tumbo, kuchuchumaa, kusimama mguu mmoja, kuruka, na ile ya kupiga magoti mwenzako akakushika vifundo vya miguu ukashuka mbele polepole kwa misuli ya nyuma ya paja. Hiyo ya mwisho itakutoa machozi. Timu zinazoifanya mara kwa mara zimeonekana kupunguza majeraha kwa karibu theluthi au zaidi. Vifaa vinavyohitajika: mchanga na rafiki. Chakula nacho tunacho, tukiwa nacho: maziwa ya ngamia, nyama ya mbuzi, maharagwe, anjera na mayai asubuhi. Shida ni kijana kushinda na chai na miraa kutwa kisha kulaumu ukoo wake kwa wembamba. Hapo pia tuambiane ukweli.

Basi tupime nini? Kwa sababu nisieleweke vibaya, mimi sasa nataka vipimo zaidi, si vichache. Ule mzani ulinikosea kwa kuwa peke yake, siku moja.

Pima pumzi ya mpira. Jaribio linaloitwa Yo-Yo lilitengenezwa na Mdenmark, Jens Bangsbo, na ni koni tatu na simu yenye sauti ya mlio. Unakimbia mita 20 kwenda, 20 kurudi, unatembea sekunde 10, unaanza tena, na kila hatua mlio unaharakisha. Ukishindwa kuufikia mara mbili, umetoka. Wachezaji wa kiwango cha juu kabisa hupita mita 2,000. Pima mbio za mita 30. Pima kuruka: paka chaki vidoleni, ruka, gusa ukuta. Pima urefu ukiwa umesimama na ukiwa umekaa, ili ujue miguu ni mingapi na kiwiliwili ni kingapi. Andika kwenye daftari. Rudia baada ya miezi mitatu minne, halafu tena. Kijana anayepanda kutoka chini anaonekana kwenye daftari, kwenye foleni ya asubuhi moja haonekani kamwe. Na tafadhali, msiwapime watoto saa tisa alasiri ndani ya Ramadhani. Mtu hajanywa maji tangu daku, nje ni joto la digrii 36, halafu unaandika kilo zake kana kwamba ndiye yeye. Ligi Kuu ya Uingereza yenyewe ilisimamisha mchezo usiku wa Aprili 2021, Leicester na Crystal Palace, ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wafuturu. Sisi ndio Waislamu wa Garissa, tunashindwaje kubadilisha saa?

Na mzani nimeupatia kazi. Nilinunua mmoja pale Suq Mugdi, wa betri. Binamu yangu anapanda kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi, amejifuta jasho. Wiki ya kwanza alianza na kilo 56.4, akamaliza na 54.9, bila kunywa chochote kwa saa moja na nusu. Hiyo kilo moja na nusu ni maji, karibu lita moja na nusu, zaidi ya asilimia mbili ya mwili wake, na ukishavuka hapo miguu inakuwa mizito na kichwa kinachelewa kuamua. Miaka yote hiyo makocha walikuwa wanatuambia dakika za mwisho hatuna moyo. Tulikuwa na kiu.

Vidonge aliviacha kwa maelekezo ya daktari, kidogo kidogo. Uso umerudi wake, na kilo zikashuka, akanuna siku mbili. Yo-Yo ya kwanza alikimbia mita 1,240. Wiki nane baadaye, 1,600. Nimempigia picha kila ukurasa wa daftari. Majaribio yakifika, atasimama kwenye ile foleni kama kawaida, na mimi nitakuwa nyuma yake na hilo daftari. AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Tanzania na Uganda. Mimi sitaki kuiangalia tena kwenye kibanda cha video hapa nikihesabu ni wangapi wa kwetu wako uwanjani.

Jumamosi hii, saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya swala, niko uwanjani na mzani, koni sita za plastiki na tepu ya fundi cherehani. Ni bure. Wa mitaa yote, na wa Dadaab mkiweza kufika. Njoo na lita mbili za maji, na kama umemeza chochote cha kuongeza kilo, usiache ghafla: nitafute pembeni, twende pamoja kwa mfamasia. Sitakutaja.